Sentimita Tisa: Tunamuaga Mama Célestine Nyassa

Mama Célestine Nyassa anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, baada ya miaka thelathini na saba, mwezi mmoja na siku ishirini na tatu za kazi katika hospitali yetu hapa Uvira. Hesabu hiyo si yake. Nilipomuuliza alisema, "Andika miaka mingi, inatosha." Nimeitoa katika barua yake ya kuingia kazini, ya tarehe 5 Mei 1987, ambayo bado iko katika faili lake, pembe moja imeliwa na panya.

Sherehe inafanyika uani kwa sababu ukumbi bado una maji ya ziwa lililopanda mwaka huu. Tunaomba hotuba ziwe fupi. Nusu yetu tunatoka zamu na nusu tunaingia, na mwenye sherehe amechoka. Tuseme hivyo bila kupamba. Wengine huondoka kazini wakiwa na nguvu za kufungua duka au kulima shamba jipya. Yeye anaondoka magoti yamevimba, na miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka tangu Januari.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya uzazi. Mwaka 1994 alihamishiwa wodi ya magonjwa ya ndani, na huko akabaki. Mwaka 2003 alipelekwa Bukavu kwa mafunzo ya wiki mbili kuhusu kuvu inayoingia mwilini, akarudi na daftari la kurasa mia moja lililojaa. Wengi wetu tulijifunza zaidi kutoka daftari hilo kuliko kutoka shuleni.

Kwa wageni waliopo leo, nieleze kazi hiyo ni nini. Kuvu hii iko katika vumbi na katika mavi ya njiwa, na kila mtu anaivuta puani. Mwili wenye nguvu unaimaliza wenyewe. Mwili ambao kinga yake imechoka unaiacha ipite mapafuni, iingie damuni, ifike kwenye ubongo. Mgonjwa anakuja na kichwa kinachouma wiki tatu, na watu wanauita ugonjwa huo champignon ya kichwa, yaani kuvu kwa Kifaransa. Kujua kwamba iko si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kujua imefika wapi. Dawa kali ya mshipani ilikuwa chupa chache, tena inachosha figo. Lazima mtu aamue nani anapewa vidonge, nani anawekewa chupa, na nani maji ya ubongo wake yana presha kubwa kiasi kwamba lazima yapunguzwe kwa sindano ya mgongoni, leo na kesho na keshokutwa. Kwa miaka ishirini mtu huyo alikuwa Mama Célestine. Madaktari walitia sahihi.

Alianza na barabara. Alikaa karibu na mgonjwa akamwambia: "Tuko mu basi, tunatoka Uvira, tunaenda Bukavu. Niambie tunapita wapi." Mgonjwa anataja Kavimvira, Runingu, Sange, Luberizi, Luvungi, Kamanyola. Aliyeruka Sange alitiwa alama mara moja, maana hakuna mwenye akili timamu anayeweza kusahau Sange, kwa jinsi wauza mihogo wanavyogonga vioo vya gari. Mvuvi mmoja wa Kalundu alikataa mtihani. "Minye sipandake basi, mama. Niulize samaki." Akaulizwa samaki, akataja aina kumi na saba, akalalamikia hata bei ya ndagala.

Baada ya barabara, macho: mgonjwa anafuata kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa. Baada ya macho, shingo: kidevu kinagusa kifua au hakigusi. Mwisho kabisa, sindano na namba. Daktari kijana aliyeingia na karatasi ya maabara mkononi aliambiwa mbele ya wote, "Docteur, weka ile karatasi chini. Angalia muntu kwanza."

Alikuwa na ukaidi wenye faida. Mwaka 2008 wino mweusi tunaotumia kuona kuvu kwenye darubini ulituishia, na ule wa Bujumbura haukufika. Wino huo unafanya kila kitu kiwe cheusi isipokuwa kuvu yenyewe, ambayo inabaki duara jeupe. Bila wino hatuoni kitu. Mama Célestine alikwenda kwa mwalimu wa kuchora wa shule moja ya sekondari hapa mtaani Kilibula.

"Mama, unataka kuchora nini?" mwalimu akauliza.

"Ile yenye kuua bantu. Kwanza niione sura."

Akapewa nusu chupa. Mimi ni wa maabara, na naweza kushuhudia kwamba wino ule wa shule ulikuwa mzuri kuliko wa Bujumbura. Ulitufikisha miezi minne.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu wa namna hii kwa kawaida huruka. Wiki tatu zilizopita nilimpelekea Mama Célestine rasimu yangu ya kwanza, yenye sifa tu. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia. "Mwaka elfu mbili na makumi mbili iko wapi? Kama munaiacha, musisome kitu. Minye nitakaa nyumbani." Basi naiandika. Wote waliotajwa hapa wamekubali kutajwa.

Hatukuwa na chombo cha kupimia presha ya maji ya mgongo. Mwaka 2011 Venant, seremala wetu, alibandika utepe wa fundi cherehani juu ya ubao, akaupigilia ukutani kando ya kitanda cha sindano. Sufuri iliwekwa sawasawa na mgongo wa mgonjwa aliyelala ubavu. Sindano ikishaingia, tunaunganisha mrija, tunausimamisha kando ya ubao, maji yanapanda, tunasoma. Yakipita sentimita ishirini na tano, ni kali, na maji lazima yapunguzwe.

Ubao ule ulifanya kazi vizuri. Ulifanya kazi vizuri mno. Polepole namba ilianza kupanda juu ya karatasi yetu. Zamani iliandikwa ya mwisho, halafu ikawa ya tatu, na mwaka 2019 karatasi mpya zilizochapwa zilianza na namba. Barabara, macho na shingo vilibaki chini, katika mistari midogo ambayo wengi tuliiacha wazi. Hata Mama Célestine aliiacha wazi siku ambazo alikuwa peke yake na wagonjwa arobaini.

Mafuriko ya Aprili 2020 kila mtu hapa anayakumbuka, sitayaeleza. Kwetu yaliharibu magodoro yote ya wodi. Mapya yalifika Jumanne tarehe 2 Juni. Siku hiyo niliandika katika kitabu changu cha nyumbani: "Magodoro yamefika. Membamba. Wagonjwa wanalala chini kuliko zamani." Niliandika, nikafunga kitabu.

Kitanda kilikuwa kilekile na ubao uleule. Mgonjwa tu ndiye aliyeshuka. Sufuri ilibaki pale mgongo ulipokuwa zamani, sentimita tisa juu ya mgongo wa sasa, kwa hiyo kila namba tuliyosoma ilipungua tisa. Mwenye ishirini na nane alisomwa kumi na tisa, akaandikwa "wastani", akapewa vidonge vya maumivu. Hakuna aliyeona. Ubao haukuwa umesogea, na sisi tulikuwa tunaangalia ubao.

Alhamisi tarehe 13 Agosti aliletwa Rwabuhihi, mfugaji wa milimani juu, amebebwa kwa machela siku mbili, pamoja na mke wake Uwizeye. Presha ilisomwa kumi na saba. Wastani. Siku ya pili alitapika kila alichokunywa. Jumapili alimwambia Mama Célestine, "Munganga, niko naona weye mbili. Mumoja anatosha." Wodi ilicheka. Mama Célestine hakucheka. Akachukua kalamu, na jicho la kushoto la Rwabuhihi halikuifuata. Sindano ikarudiwa. Kumi na tisa.

Dokta Toussaint, ambaye leo ni mkuu wa wodi na wakati ule alikuwa na mwaka mmoja kazini, alisema namba inatosha, shida ni dawa, mgonjwa asichomwe tena bure. Alimuuliza pia ile barabara, Rwabuhihi akanyamaza kabisa. Daktari akaandika kwamba amechanganyikiwa.

"Hajachanganyikiwa," Uwizeye akasema. "Hajapita kamwe ile barabara yenu. Sisi tunashukaka kwa miguu."

Mama Célestine alivuta kiti. "Baba, ng'ombe zako zenye kukamuliwa, niambie majina."

Akataja kumi na moja, Bihogo, Gaju, Sine na nyingine, kila moja na mama yake. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu aliulizwa tena, akataja saba, mke akasahihisha mbili. Jumanne asubuhi alitaja nne. "Ameruka Gaju," Uwizeye akasema, na kwa mara ya kwanza tangu alipofika alianza kulia. "Gaju ni yake ya ndoa. Hawezi kuruka Gaju."

Mama Célestine alikwenda kwa Dokta Toussaint akamwambia kwamba anamchoma mgonjwa tena.

"Ma Célestine, namba ni kumi na tisa."

"Namba ni kumi na tisa, na ng'ombe ni ine. Minye naamini ng'ombe."

Uwizeye ndiye aliyemshika mumewe mabega asitikisike. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, macho yake sawasawa na mgongo wa mgonjwa. Sisi wengine wote tulikuwa tumesimama. Maji yalipanda kwenye mrija mpaka ishirini na mbili. Dokta Toussaint akafungua mdomo kusema kitu, na Uwizeye akamtangulia.

"Ile metre yenu inaanza juu ya mugongo yake. Kipande ya chini munamuachia nani?"

Mama Célestine aliinama mpaka macho yake yakawa pale yalipokuwa ya Uwizeye. Aliweka kiganja juu ya mgongo wa Rwabuhihi, akakipandisha ukutani mpaka sufuri, akaomba rula. Sentimita tisa. Presha ilikuwa thelathini na moja.

Maji yakapunguzwa saa ileile. Kabla ya chakula cha mchana Rwabuhihi aliomba uji. Akachomwa kila siku kwa siku nane, akawekewa dawa kali, na tarehe 26 Septemba alipanda kwao kwa miguu yake. Jicho la kushoto bado linavuta ndani kidogo. Mwezi jana alituma ujumbe kwamba Gaju amezaa.

Siku ile ya Jumanne sisi tulifurahi. Mama Célestine alichukua daftari la wodi, akakaa nalo dirishani, akarudi nyuma mpaka tarehe 2 Juni. Wiki kumi na moja, wagonjwa kumi na wanne bila Rwabuhihi. Kwa kila mmoja aliongeza tisa kwa kalamu nyekundu. Watano walihama kutoka wastani kwenda kali. Wawili kati yao walikuwa hai, wakaitwa siku ileile. Watatu walikuwa wamekufa.

Kulikuwa na kikao. Alishauriwa na watu wema, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwamba ugonjwa huu unaua hata penye kipimo kizuri, kwamba hakuna anayeweza kusema watatu wale wangepona, na kwamba kwenda kwenye familia ni kuchokonoa kidonda.

"Ni kweli, hakuna anayeweza kusema," alijibu. "Lakini sisi tunajua na beye habajui. Hiyo tu. Sisemi tuliua. Nasema tulipima vibaya."

Ubao ulihamishiwa kwenye fimbo inayosogea, na sufuri inawekwa upya kwa kila mgonjwa. Karatasi ziliandikwa upya, namba ikarudi mwisho. Hayo yalikuwa marekebisho ya siku mbili. Familia zilichukua miaka.

Jumamosi tarehe 22 Agosti alikwenda kwa miguu kwenye nyumba moja ya hapa Kilibula. Mwenye nyumba alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba atoke. Tarehe 5 Septemba alikwenda Sange. Mama wa marehemu alimuuliza, "Unakuja kuniambia ili weye ulale vizuri?" Alirudi na gari la mchana, akaingia zamu. Nilimuuliza kama amemjibu. Alisema, "Nimujibu nini? Ana haki." Tulimwambia aache. Alisema bado mmoja.

Huyo mmoja ni Laurette, mkulima wa mpunga wa Luberizi, aliyefariki tarehe 9 Julai 2020 akiwa na miaka thelathini na nne. Alisomwa ishirini na moja. Ilikuwa thelathini. Familia yake ilikuwa imehama kwa sababu ya vita vya bondeni, na majirani hawakujua walikokwenda. Mama Célestine alikwenda Luberizi Septemba 2020, Februari 2021, Julai 2022 na Novemba 2023. Mara nne alishuka pale barabarani, akauliza, akarudi. Mara ya mwisho alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akakaa kwenye benchi la maabara akasema, "Magoti hayatanibeba mara ya tano." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kuhusu kitu chochote.

Kwa kawaida mstaafu wetu hupewa kitenge na kiti cha plastiki. Hivyo viko hapo mezani. Lakini Venant alisema kiti hakitoshi, na kwa kuwa ubao ule ulikuwa wa mikono yake, alitaka kwenda Luberizi mwenyewe. Tulikwenda pamoja, yeye na mimi, Jumanne ya wiki jana, tarehe 18 Juni. Kwenye soko tulipata mwanamke aliyetuonyesha shamba. Kaka mkubwa wa Laurette, Ezéchiel, alikuwa amerudi Luberizi tangu Machi. Tulimkuta ndani ya maji ya mpunga, suruali imekunjwa mpaka magotini. Nilimweleza kila kitu: magodoro, ubao, sentimita tisa, ishirini na moja ambayo ilikuwa thelathini. Hakutoka majini.

"Munganga mwenyewe hakukuya?" akauliza.

"Alikuja mara ine," Venant akasema. "Hamukuwako."

"Mara ine." Aling'oa mche mmoja wa mpunga, akauosha mizizi, akaurudisha ardhini. Kisha akatuambia kitu ambacho hatukukitarajia. Laurette alipoanza kuumwa kichwa, mama yao alimpeleka kwanza kwenye chumba cha maombi, siku kumi, ndipo wakamleta Uvira. Baada ya mazishi Ezéchiel alimwambia mama yake kwamba zile siku kumi ndizo zilizomuua. Alimwambia mara moja tu. Tangu hapo hawali pamoja. Mama anakaa upande wa pili wa soko, na anampelekea mwanawe chakula kupitia kwa majirani.

"Alifika kwenu angali anaongea?" akauliza.

Nilikuwa nimenakili ukurasa wa daftari. Nikamsomea: tarehe 21 Juni, ametembea mwenyewe, ametaja barabara yote bila kuruka.

"Bila kuruka," akasema. "Basi hakuchelewa."

Nilimwambia ukweli, kwamba siku kumi ni siku kumi, na kwamba hatuwezi kujua. Lakini alifika angali na nafasi, na nafasi ile tuliipima vibaya sisi. Alitoka majini, akakunjua suruali bila kunawa miguu, akatuacha tumesimama pale kwenye tuta. Tulimwona akielekea upande wa soko.

Tulirudi Uvira saa tisa. Hatukuweka habari hii kwa ajili ya hotuba, tulimwambia Mama Célestine palepale, mlangoni pa wodi, mkononi ana sinia la sindano. Alisikiliza. Aliuliza jina la mama wa Laurette, na hatukuwa tumeliuliza. Akasema, "Miaka ine huyu mama amebeba kitu yangu." Akaenda kumaliza sindano zake, maana wagonjwa watatu walikuwa wanangoja.

Jana alituarifu kwamba magoti yatambeba mara ya tano. Kesho Jumamosi, siku yake ya kwanza ya kustaafu, anakwenda Luberizi kumwona mama huyo uso kwa uso. Anaweza kufukuzwa, na analijua hilo. Venant ataenda naye, na Dokta Toussaint, ambaye ameomba zamu yake ibadilishwe.

Mama Célestine, asante kwa wagonjwa wote uliowauliza barabara, na kwa sisi uliotufundisha kuinama. Tunakutakia gari lisiloharibika njiani, kiti cha mbele kwa ajili ya magoti yako, na mlango utakaofunguliwa. Ukirudi, usipitie hospitalini. Nenda moja kwa moja nyumbani, ulale mpaka uchoke kulala.

Gracien, wa maabara